Uchambuzi wa kisa: Sanduku la mchoraji wa leso

Majina ya watu, maduka na mitaa yameondolewa. Mchoraji nimemwita Fundi, kwa sababu hata wanawe walimwita hivyo.

Kisa kilivyonifikia

Mwaka 2019 nilipigiwa simu na binti mmoja wa Mombasa nisiyemjua. Aliambiwa kwamba kazi yangu ni kusaidia familia kuhifadhi makaratasi ya wazee wao. Babu yake alikuwa mchoraji wa leso, akaacha sanduku la bati, na sasa kuna mtu anataka kulinunua lote kama lilivyo kabla mwezi haujaisha. Nikamuuliza ndani mna nini.

"Makaratasi yenye korosho," akasema. Alimaanisha pambo la leso lenye umbo la korosho.

Naandika kisa hiki kwa ajili ya wachoraji wanaolipwa kwa kazi moja moja, na kwa wajukuu wenye masanduku ya namna hii chini ya vitanda. Kuna mambo tuliyapatia. Lililotugharimu zaidi nililifanya mimi, na nitalieleza lilivyokuwa.

Fundi na kazi yake

Fundi alikuwa mtoto wa chuoni, chuo cha Kurani. Mwalimu aliona kwamba mkono wake kwenye ubao ni mzuri kuliko wa wenzake, akamfundisha kuchonga kalamu ya mwanzi na kuandika hati. Alipokua akawa anaandika vibao vya maduka, kisha akachora lebo za majani ya chai na sabuni, na mara nyingine mabango ya sinema. Mwaka 1949 mfanyabiashara mmoja wa leso alimwomba amwandikie jina la leso, kwa sababu aliyekuwa akimwandikia amezeeka. Jina likapendeza. Mara ya pili akaombwa achore leso nzima.

Kwa asiyevaa leso (bara wanasema kanga): ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji, yaani uwanja wa katikati, na ina jina, maneno yanayoandikwa chini ya mji. Huuzwa doti, vipande viwili pamoja. Wakati ule majina yalikuwa yakihama kutoka herufi za Kiarabu kwenda herufi za Kirumi, na Fundi aliziweza zote mbili. Nadhani hilo ndilo lililompa kazi kuliko uchoraji wenyewe. Mwanamke anapoingia dukani huuliza jina kwanza. Korosho huja baadaye.

Leso hizo hazikuchapwa Mombasa. Mchoro uliondoka kwa meli kwenda Manchester, Uholanzi, India, na miaka ya 1950 ikiingia, zaidi na zaidi Japani. Huko mchongaji aliuhamisha kwenye rola, kila rangi na rola yake. Rangi moja ya ziada ilikuwa gharama kubwa, kwa hiyo Fundi alifikiri kwa rangi mbili au tatu na nguo yenyewe, na pembeni mwa kila karatasi aliandika nambari za rangi kwa penseli. Mistari miwili hakuisogeza karibu sana, maana wino ungejaa katikati na ua likawa tope. Nguo ikifika Mombasa ilikuwa imepita miezi kadhaa, na kama kuna kosa, limefika nalo, robota zima.

Jambo moja katika karatasi zake sikulielewa hadi nilipoonyeshwa. Fundi hakuchora leso nzima. Alichora robo: pembe moja ya pindo na robo ya mji, na kando yake karatasi nyingine yenye jina. Mchongaji aliigeuza robo hiyo mara nne, kama mtu anayekunja karatasi na kuikunjua.

Hapa ndipo tone linapoingia. Bintiye mkubwa, ambaye katika kisa hiki ni shangazi, alikuwa msichana mdogo akimshikia babake kibweta cha wino. Siku moja kalamu iliangusha tone chini ya mkia wa korosho ya tatu kutoka pembeni. Fundi alilikwangua kwa wembe, likabaki kivuli, na kwa kuwa meli ilikuwa inaondoka, mchoro ukaenda hivyohivyo. Mchongaji wa ng'ambo hakujua Kiswahili wala hakujua korosho inatakiwa iweje, alinakili alichokiona. Leso zikarudi na matone manne, moja kila pembe.

Fundi aliona haya. Mfanyabiashara alikasirika kwa siku mbili tatu, kisha wanawake wakaanza kuingia dukani wakitaka "leso ya matone". Robota likaisha. Alipoagiza tena, Fundi alimwomba ruhusa alirekebishe, akakataliwa: tone libaki. Leso hiyo ikachapwa tena na tena. Fundi alilipwa mara moja, siku alipokabidhi mchoro, kama alivyolipwa kwa michoro yake yote.

Baada ya uhuru viwanda vya Afrika Mashariki vilianza kuchapa nguo vyenyewe (Urafiki ya Dar es Salaam, kwa mfano, ilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China) na vikawa na wachoraji wao wa mshahara. Kazi za Fundi zikapungua. Alirudi kwenye vibao vya maduka, akafariki 1983.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Nilipofika, sanduku lilikuwa kwa ami, mtoto wa kiume wa mwisho. Ndani mlikuwa na madaftari saba makubwa ya karatasi za kunakili, bahasha ya lebo, kalamu za mwanzi zilizofungwa kwa uzi, na barua chache. Mdudu wa karatasi alikuwa ameshakula pembe za daftari moja. Selotepu ya zamani ilikuwa imegeuka rangi ya chai na kuachia gundi kwenye michoro.

Mnunuzi alikuwa mbunifu wa mitindo mwenye kampuni ng'ambo. Alimpata ami kupitia dalali wa vitu vya kale. Bei aliyotaja ilikuwa nzuri kwa mtu anayeangalia sanduku la bati, na ami alikuwa na ada ya shule ya kulipa. Shangazi hakutaka kusikia habari ya kuuza. Mjukuu alikuwa katikati, na ndiye aliyenipigia.

Wiki ya kwanza tulisimamisha mauzo na kuanza kupiga picha. Wiki ya pili mjukuu alizichukua picha kwenye simu, akazunguka nazo kwa wanawake wazee wa mtaa na kuwauliza nani bado anayo leso kama hii. Walifungua makasha. Leso kumi na moja zikapata karatasi zake. Mbili zilikuwa za matone.

Wiki ya tatu mnunuzi aliandika kwamba washirika wake wanasitasita, na kwamba picha chache nzuri zingewashawishi. Nilimtumia sita, kwa ukubwa wake kamili. Ya tatu ilikuwa robo yenye tone.

Baada ya hapo hakujibu tena. Mwezi ukaisha, dalali akaacha kupokea simu.

Maamuzi na sababu zake

*Kuzuia mauzo.* Huu ulikuwa uamuzi rahisi kuusema na mgumu kuutekeleza. Hoja iliyomfanya ami akubali haikuwa historia wala urithi wa taifa. Ilikuwa mirathi. Fundi aliacha watoto watano, na mali yake haikuwahi kugawanywa rasmi. Sanduku lilikuwa kwa ami kwa sababu nyumba ilikuwa kwake. Mzee mmoja wa ukoo alimuuliza mbele ya watu: "Utauza sehemu ya dadako bila yeye kukubali?" Hakuna aliyetaka jambo hilo lifike kwa kadhi. Nilijifunza kwamba swali la nani mwenye sanduku huulizwa kabla ya swali la nani mwenye mchoro, na mimi nilikuwa nimekuja na la pili.

*Kupiga picha kabla ya yote.* Tulitumia kamera juu ya meza karibu na dirisha la kaskazini, na karatasi nyeupe chini ya kila mchoro ili mistari isomeke. Skana hatukuitumia, maana karatasi za kunakili zikikauka huvunjika kama mkate wa jana. Selotepu hatukuibandua.

*Kufungua madaftari.* Hapa nilikosea. Ili karatasi zilale bapa nilikata uzi wa madaftari mawili ya kwanza na kutoa karatasi moja moja, nikiwa na nia ya kuzipa nambari jioni. Mchana ule upepo wa feni ulipeperusha fungu moja. Karatasi hazikupotea hata moja, ila mpangilio ulipotea, na mpangilio ndio uliokuwa tarehe. Fundi hakuandika mwaka kwenye michoro. Alichora daftari kutoka mwanzo hadi mwisho, na barua zilizobandikwa katikati ndizo zilizoonyesha kipindi. Kwa madaftari hayo mawili hatutajua tena kipi kilitangulia. Kuandika nambari nyuma kwa penseli, kabla ya kugusa uzi, kungechukua nusu saa.

*Kutuma picha.* Nilituma kwa sababu niliogopa mnunuzi angepoa, na akipoa, ami angeuza sanduku kwa mtu mwingine kwa bei ndogo. Nilijiambia kwamba picha si mali, karatasi ndiyo mali. Sikumuomba hata barua ya mistari miwili ya kuahidi kutozitumia.

Matokeo

Miezi minane baadaye mjukuu alinitumia picha ya skafu inayouzwa ng'ambo kwa bei ya doti thelathini. Korosho, pindo, hata nambari za rangi zilifuatwa. Na chini ya mkia wa korosho ya tatu kulikuwa na tone.

Tulikwenda kwa mwanasheria tukiwa na hasira, tukatoka tukiwa kimya. Kwa maelezo yake, michoro ya Fundi ya leso ilichorwa wakati sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1911 ndiyo iliyotawala, na kifungu chake cha 22 kiliiweka nje michoro iliyokusudiwa kurudufiwa kiwandani na ambayo ingeweza kusajiliwa kama miundo. Michoro ya aina hiyo ililindwa kwa usajili: miaka mitano, ikiongezwa hadi kumi na mitano, basi. Hata kama yule mfanyabiashara aliisajili, ulinzi ulikwisha zamani. Kwa maneno mengine, si familia ya Fundi, si familia ya mfanyabiashara, hakuna aliyeweza kumzuia mtu kuchapa korosho zile. Kilichokuwa mikononi mwetu ni karatasi zenyewe, na uwezo wa kusema "hutaziona hadi utie sahihi". Uwezo huo niliutoa bure kwa barua pepe.

Kisha akauliza kama kuna kitu kingine sandukuni. Tukamtajia bahasha ya lebo, ambayo hakuna aliyeijali, hata mnunuzi. Akacheka kidogo. Lebo na picha za mabango, akasema, hazimo katika kundi la leso; ni michoro ya sanaa ya kawaida, na hakimiliki yake hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mchoraji, yaani hadi mwisho wa 2033. Sheria ile ya zamani haikumpa mteja haki ya mchoro wa namna hiyo kwa sababu tu aliuagiza. Mchoraji asiye mwajiriwa alibaki nayo. Fundi hakuwahi kuajiriwa na mtu.

Bahasha hiyo imeshaleta pesa. Mchapishaji mmoja wa kalenda alilipia lebo mbili kwa mwaka mmoja, kwa mkataba wa ukurasa mmoja, na fedha ziligawanywa kwa mafungu ya mirathi. Ami alipata ada ya muhula. Madaftari yako kwa shangazi, kwenye maboksi yasiyo na asidi, mbali na ukuta unaotoa maji.

Uchambuzi

Watu wakisikia kisa hiki huanza na swali moja: Fundi alidhulumiwa? Leso ya matone ilimtajirisha mwingine, na yeye akalipwa mara moja. Nimelifikiria sana, na sina uhakika kama neno dhuluma linafaa. Mfanyabiashara ndiye aliyebeba robota lisilouzika, na barua zinaonyesha yalikuwa mengi. Fundi alilipwa hata kwa michoro iliyokufa dukani. Kinachonisumbua mimi ni kingine: jina lake halimo popote. Leso ya zamani unaweza kukuta alama ya mwenye duka, na yule mfanyabiashara naye aliweka yake. Aliyechora hana pa kuweka yake. Katika madaftari saba sikuona sahihi hata moja, na shangazi alipoulizwa alishangaa. "Atie sahihi kwani ni cheki?"

Kilichofaa kuliko vyote kilikuwa ziara za mjukuu. Mimi ningeanza na makavazi na orodha za makampuni. Yeye alianza na makasha ya bibi zake. Wanawake wale hawakumjua mchoraji, lakini walijua leso. Mmoja alikumbuka leso yake aliinunua kwa ajili ya arubaini ya mtoto wake wa pili, na mtoto huyo ana cheti cha kuzaliwa. Kwa njia hiyo tulipata mwaka wa mchoro ambao daftari lake mimi nilikuwa nimelivuruga. Tahadhari moja tu: tone peke yake si ushahidi wa mkono wa Fundi. Wauzaji wa leso waliigana waziwazi, na moja ya leso mbili za matone tulizozipata ina herufi zisizo zake kabisa. Ilikuwa ya duka la jirani, lililoona matone yanauza likaweka yake.

Kwa mchoraji wa leo, hali si ile ya Fundi, na kwa upande mmoja ni mbaya zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmeandikiana vinginevyo. Fundi angekaa kimya na lebo zingebaki zake. Wewe ukikaa kimya, zimekwenda. Na ukichora muundo wa nguo, usajili wa miundo bado upo, miaka mitano mitano hadi kumi na mitano, ila ni salama zaidi uombe kabla hujaionyesha dunia. Nimekutana na vijana wanaoweka michoro mitandaoni usiku na kuuliza habari za usajili asubuhi.

Kuhusu kosa langu la kutuma picha, wenzangu wawili wameniambia lisingebadilisha kitu, kwamba mtu yule angenunua leso ya matone sokoni na kuiiga. Sheria ingemruhusu, ndiyo. Lakini hakuiiga leso. Nilimpelekea shangazi ile picha ya skafu nyumbani kwake, nikiwa nimeiprinti kubwa. Aliiweka juu ya mkeka, akatandika leso yake kando, akavaa miwani. Aliweka kidole pembe ya kwanza ya leso, ya pili, ya tatu, ya nne. Kisha akakihamishia kwenye skafu, pembe ya kwanza, na ya pili akakuta korosho safi, na ya tatu, na ya nne.

"Limoja," akasema. "Huyu hakuona leso. Huyu aliona karatasi ya babangu."